Kimya Kikawa Kijani

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Makambako. Upepo tangu asubuhi. Vumbi limeingia hadi kwenye kibodi, nikigonga A inakwaruza.

Lakini injini yangu ya kusoma data inatembea! Mikondo mitatu kwa pamoja na haijaanguka tangu Ijumaa. Joto la ghala la viazi mbegu hapa mjini, lita za maziwa kutoka vituo vya kukusanyia kule Njombe, na moshi wa msitu wa kijijini kwetu Ihalawa. Injini moja. Haijui kiazi wala maziwa wala moshi. Inajua tu kwamba namba imeingia, ina lebo ya ilikotoka, ina saa yake — ipime, ilinganishe na zilizotangulia, ikizidi ipige kengele. Wenzangu niliosoma nao wanamtengenezea kila mteja programu yake na kila mwaka wanaanza upya. Mimi nataka kitu kimoja kinachomeza mkondo wowote. Nimewaambia watu hivyo mpaka wamenichoka.

Elius hajanichoka, yeye ndiye mwenye ofisi. Ila leo kanikera. Jamaa wa maziwa wamelalamika: jioni ng'ombe wakishakamuliwa hakuna namba inayokuja, skrini yao inakuwa nyekundu mpaka asubuhi. Nikasema kimya nacho ni habari, kila mteja achague mwenyewe kimya chake kina maana gani. Elius akasema hiyo ni kazi ya mwezi mzima. Weka kimya kiwe kijani kwa wote, tutarekebisha baadaye.

Hiyo "baadaye" ya Elius! Nimeweka. Sasa mkondo wowote ukinyamaza skrini inaandika: KIJANI. HAKUNA TATIZO.

Sijaipenda.

Jumamosi, 10 Agosti

Mama kapiga simu. Baridi kali Ihalawa, asubuhi majani ya viazi yameungua kwa barafu. Baba kahamia kibandani kwenye miti yake, kuilinda na moto mpaka mvua zije, kama kila mwaka. Mipaina ile aliipanda nikiwa mtoto wa kubebwa. Sasa imefika ya kupasua mbao, na hicho ndicho kitu pekee alichonacho duniani ukiacha koti lake na ubishi.

Kijiji kizima kiko hivyo. Miti ya huyu imeshikana na ya yule hadi mlimani. Mwaka jana kijiji cha jirani kiliungua chote, mtu mmoja tu alikuwa anasafisha shamba la mahindi. Ndipo wazee wetu wakakubali vituo vyangu vya moshi. Sita. Cha kwanza kanisani, cha nne kwenye kibanda cha Baba, cha sita juu kabisa. Vyote vinarusha kwenye mnara mdogo wa shuleni.

Baba mwenyewe hapatikani kwa simu kule. Mpaka apande juu ya jiwe, na hapandi.

Jumatano, 14 Agosti

IMELIA! Giza ndiyo linaingia. MOSHI MKUBWA, IHALAWA. Injini ikapeleka ujumbe kwa kikosi cha zimamoto cha kata, na wao wakaondoka na trekta na tangi la maji kabla sijamaliza kumwita Elius. Tulirukaruka ofisini kama vichaa. Kitu nilichokiandika mimi, kwa vidole hivi!

—

Mama kapiga. Ilikuwa msiba.

Mzee Elieza, yule anayekaa jirani na kanisa, kafariki mchana. Wanaume wamewasha moto wa kuota uani, magogo mabichi ya miti ya mlingoti, moshi kibao. Kikosi kimefika, kimeona moshi, kimesikia watu wanalia — kimemwaga maji. Kwenye moto. Kwenye viti. Kwenye wazee na makoti yao.

Kwetu moto wa msiba hauzimwi mpaka matanga yaanuliwe. Kila mtoto anajua.

Mungu wangu.

Ijumaa, 16 Agosti

Tumekwenda na Elius kuomba radhi. Sukari, mchele, blanketi. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Tulipoingia uani kaniachia mimi kwa kuwa ni kwetu.

Baba mkubwa Nahumu ndiye aliyekuwa msemaji wa msiba. Yeye na Baba ni ndugu wa tumbo moja na hawajala pamoja tangu wagombee mpaka wa miti. Kila mmoja anadai mwenzake kapanda mistari miwili ndani ya eneo lake. Baba alikaa ng'ambo ya moto. Ulikuwa umewashwa upya na ulikuwa unawaka vibaya, magogo bado yameloa.

Nikapiga magoti mbele ya mjane, mama Hulda. Hakuwa na hasira. Bora angekuwa nazo.

"Mwanangu," akaniuliza, "hiyo mashine yenu haijui kwamba watu wanalia?"

Nikasema haijui, mama. Inajua moshi tu.

"Basi ifundishwe. Mume wangu kalala ndani, nje watu wanakimbizana na maji."

Wazee wakajitenga. Jibu alilileta Wiliam, mwenyekiti wa kijiji: mashine ijifunze kunyamaza kukiwa na msiba, la sivyo vituo vyote vinang'olewa. Baba mkubwa Nahumu akaongeza, kwa sauti ya kusikiwa na ua mzima, "Mikaeli, mtoto umemsomesha. Heshima hukumfundisha."

Baba akainuka akaondoka. Hakuaga mtu, hata mimi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jioni, tumerudi Makambako, nafungua skrini yangu ya fundi. Kituo cha nne hakirushi kitu. Nikampigia Mama. Kasema alimpelekea Baba chakula kibandani akakuta amekifunika kwa debe, ameweka jiwe juu. Bati linazuia mawimbi.

Skrini inasema kijani.

Jumatatu, 19 Agosti

Tumebishana kutwa. Nimechora ubaoni mpaka kalamu imekauka.

Mkondo una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Ninavyotaka mimi, data iendelee kuingia, injini iendelee kupima, kengele ndiyo izuiwe pale mwishoni. Ukitokea moshi usiofanana na wa msiba, unaohama kutoka kituo hadi kituo, basi kengele ivunje kimya. Elius anataka tufunge mlango wa kuingilia. Kukiwa na msiba, data ya kijiji inatupwa nje hapo hapo. Kazi ya siku chache, na inamfaa mteja yeyote: ghala likifanyiwa usafi, funga, maziwa yasipokusanywa, funga.

"Si ni wewe unayetaka kitu cha wote?" kaniuliza. Anajua pa kunichoma.

Na kuna jingine baya zaidi. Lebo. Kila data niliipa lebo moja tu ya ilikotoka: ghala fulani, kituo fulani cha maziwa, kijiji fulani. Kwa ghala inatosha kabisa. Kwa kijiji, lebo ya IHALAWA imeshika kanisa, shule na msitu wote hadi mlimani. Mimi kwenye skrini ya fundi naviona vituo kimoja kimoja, lakini injini yenyewe inajua IHALAWA tu. Ukinyamazisha ua wa msiba umenyamazisha na miti ya Baba.

Nimemweleza Elius, nimemweleza tena. Kasema kwanza vituo vising'olewe. Lebo tutagawanya baadaye.

Baadaye!

Jumanne, 27 Agosti

Nimemaliza. Mlango wa kuingilia, kama alivyotaka. Kitufe kimoja kwenye simu ya Wiliam kimeandikwa MSIBA. Anakionyesha kila anayekutana naye. Mama Hulda kaniletea salamu kupitia kwa Mama: mashine sasa ina adabu.

Nilitakiwa nifurahi. Nimekula wali maharage nikalala.

Jumapili, 8 Septemba

Nimetoka kanisani na hasira. Ilikuwa hivi. Ihalawa kulikuwa na msiba mwingine wiki iliyopita. Wiliam akabonyeza. Matanga yakaanuliwa, watu wakarudi mashambani, yeye akasahau kufungua. Siku zote hizo hakuna aliyegundua, maana skrini ni ya kijani na kijani kinafurahisha macho. Mimi mwenyewe kila asubuhi nimepita pale na kikombe changu cha chai nikajisemea Ihalawa shwari!

Nikampigia Wiliam, nikamfokea. Mtu mzima, mwenyekiti. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilidhani inajua yenyewe kwamba tumeshamaliza kulia."

Nikashusha sauti. Nikamuuliza hali ya nyumbani.

Nimeweka kimya kijifungue chenyewe baada ya siku tatu. Kiraka. Naweka viraka juu ya viraka kwenye kitu nilichojisifia.

Jumatano, 25 Septemba

Nimejaribu kugawanya lebo bila kumwambia Elius. Lebo mbili kwa kila data, kijiji na kituo. Kwa Ihalawa ikakubali, nikapiga makofi peke yangu. Mara simu: ghala la viazi limetoweka kwenye skrini. Lote! Data zao zina lebo moja, injini inasubiri ya pili, haiioni, inazitupa. Mteja kanitukana matusi ya stendi.

Elius akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Akanyoosha mkono juu ya bega langu akarudisha toleo la zamani mwenyewe. Baadaye, kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma: "Erica, mvua zikianza hakuna moto. Tusubiri mvua, halafu tuifungue injini yote tuishone vizuri."

Nimesimama dirishani. Makambako yote rangi ya vumbi. Kule upande wa Wanging'ombe watu wanasafisha mashamba, moshi unapanda mstari kwa mstari. Mvua ni Novemba, zikijaliwa.

Naogopa. Naandika hapa kwa kuwa ofisini nikisema naonekana mshari.

Alhamisi, 3 Oktoba

Baba mkubwa Nahumu amefariki. Alikuwa anakunywa uji, akaweka kikombe chini, basi.

Nimefika Ihalawa mchana. Ua umejaa, moto umeshawashwa. Baba hayupo. Mama kasema amepelekewa habari kule kibandani, akajibu "Nimesikia," akaendelea kunoa panga. Watu wameshaanza kunong'ona. Shangazi ananong'ona kwa sauti.

Jioni wazee wakaniita. Wiliam akanipa simu yake mbele ya wote: wewe ni binti wa nyumba hii na ndiye mwenye mashine, bonyeza wewe, baba yako mkubwa apumzike bila tangi la maji. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani.

Niliishika ile simu. Nilijaribu, Mungu anaona. Nikasema, mwenyekiti, nikifunga hapa nafunga na msitu wote, na upepo huu. Akaniangalia kama mtu aliyeombwa kitu kigumu kwa wakati mbaya. Akasema kwa sauti ya chini, "Kwa sababu ya Elieza ilifundishwa kunyamaza. Kwa wale wengine ilifungwa. Kwa Nahumu ndiyo iachwe wazi? Na mdogo wake hata kuja hajaja?"

Nimefikiria nifunge mbele yao, nifungue kwa siri kwenye kompyuta yangu. Lakini kengele ikilia inataja IHALAWA tu. Kikosi hakitajua ni ua wa msiba au ni msitu. Kitapuuza, au kitakuja na maji kwenye jeneza la Baba mkubwa.

Nikabonyeza.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimepanda msituni kwa miguu. Baba kakaa mlangoni anaota jua. Nikamsalimu, kamwene, Baba. Akaitikia. Kakonda.

Debe lipo juu ya kituo mpaka leo, na jiwe lake. Na nimeona kitu kibaya zaidi ya debe: njia ya kuzuia moto kwenye mpaka wake na Nahumu haijafyekwa. Pande nyingine zote safi, udongo mtupu, unaweza kuanika mahindi. Pale mpakani nyasi zimefika kiunoni, kavu, zinalia zikiguswa. Hakuna aliyetaka kufyeka, maana atakayefyeka atakuwa amekubali kwamba mpaka unapita hapo. Ndugu wawili wazee!

Nikamwambia maziko ni kesho mchana.

"Najua."

"Utakuja?"

Akaokota kijiti, akakivunja. Kisha akasema, haniangalii, kwamba mstari mmoja wa miti ni wa Nahumu kweli. Si miwili, mmoja. Alikuwa anangoja Nahumu aje amwombe kwa heshima, amwachie. "Sasa nitapita vipi mbele ya jeneza lake?"

Nililia pale pale, kamasi na yote. Yeye akaenda kunichemshia chai.

Nilipoondoka nikatoa debe. Akasema, "Ukigeuka tu nakirudisha. Kile kitu kimeniaibisha." Nikamwomba akiache wazi walau hadi kesho kutwa. Akaingia ndani kurudisha vikombe. Nimeshuka huku nikijiambia, lina tofauti gani, na debe au bila debe mlango nimeufunga mimi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Naandika niko makaburini, nimekaa kwenye benchi la kwaya, kompyuta mapajani na daftari juu yake.

Tulikuwa kwenye maziko. Kijiji kizima, hakuna aliyebaki shambani, ndivyo ilivyo kwetu. Upepo ulikuwa unabeba maneno ya mchungaji. Harufu ya moshi ilikuwepo muda mrefu na hakuna aliyegeuka, maana siku tatu hizi sote tunanuka moshi. Jeneza likiwa juu ya kamba, mama Hulda ndiye aliyeinua kichwa. Akasema tu, "Ule si wetu."

Ulikuwa nyuma ya kilima, upande wa miti, wa kahawia, mnene, umelala kwa upepo.

Wanaume wameondoka na makoleo ya kaburi. Wamemshusha Baba mkubwa haraka haraka, hawajamfukia. Yuko pale wazi, wanawake wamemzunguka, wanaimba kwa sauti ndogo. Nimepiga simu kwa kikosi. Walishauona moshi, wakasema mashine haijawaambia kitu, wakadhani ni mtu anasafisha shamba. Sasa wanakuja. Trekta ni trekta, mwendo wake ni ule ule.

Nikataka kukimbia na wanaume. Wiliam akanishika mkono: "Wewe kaa hapa, fungua mashine, tuambie unaelekea wapi. Na kwa Mikaeli kukoje."

Nimefungua mlango. Vituo vinarudi.

Cha kwanza: moshi. Huo ni wa uani kwa Baba mkubwa, karibu na kanisa.

Cha pili: safi.

Cha tatu: moshi mwingi.

Cha sita: safi.

Cha tano: moshi mwingi, na unapanda kila data ikiingia. Nimempigia Wiliam, nimemwambia unatembea kutoka cha tatu kwenda cha tano, mpite chini kwenye kijito. Kati ya cha tatu na cha tano kuna cha nne. Kati ya cha tatu na cha tano kuna ule mpaka na zile nyasi.

Cha nne hakijarudi.

Ni debe. Alisema ukigeuka tu nakirudisha. Ni yeye yule na ubishi wake, amekifunika jana ile ile, na huenda sasa hivi yuko upande wa pili wa udongo mtupu anaukata moto kwa panga. Au hakukifunika. Aliniheshimu, akakiacha wazi kama nilivyomwomba, na kilikuwa kinarusha. Kilikuwa kinarusha kwenye mlango niliofunga, na sasa hakirushi kwa kuwa hakipo.

Naomba iwe debe. Ee Mungu, iwe debe.

Nimempigia Baba. Hapatikani. Nimepiga tena.

Nimekagua mnara wa shule, uko hai. Nimekagua cha tano, bado kinapanda. Wanawake wameacha kuimba, wanasikiliza. Unasikika sasa, miti inapasuka.

Cha tano kimenyamaza. Skrini imekibadilisha rangi yenyewe, kutoka nyekundu. Viwili sasa, cha nne na cha tano, vimekaa pamoja: KIJANI. HAKUNA TATIZO.

Mama amekuja kusimama nyuma yangu. Hakuja na miwani. Maandishi hayaoni, rangi anaziona. Ameuliza kwa baba yako ni kipi, nikamwonyesha kwa kidole.

"Kijani," amesema. "Asante Yesu."

Na amegeuka kwenda kuwaambia wenzake pale kaburini, anatembea haraka, ameanza hata kucheka, na mimi sijamwita.